Nusu ya Mazungumzo: Uhakiki wa Vijitabu vya Maongezi vya Msafiri, kutoka Kisetla cha Njoro hadi Kiarabu cha Ghuba

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Ipo aina moja ya maandishi ambayo aghalabu hatuitazami kabisa, nayo ni kijitabu cha maongezi: yale maandishi mafupi anayoyakariri msafiri kabla ya kuondoka kwao, ili akifika ugenini aweze kusalimu, kuuliza njia, kununua chakula na kuelewana na wenyeji. Huenda tunaiacha kwa kudhani kwamba haina usanii, na kwamba orodha ya salamu na bei za vitu haiwezi kubeba itikadi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo ni potofu.

Hoja yetu ni moja. Kila kijitabu cha maongezi ni mfano wa tamthilia yenye wahusika wawili, yaani mgeni na mwenyeji. Lakini mwandishi wake kwa kawaida humwandikia mmoja tu maneno ya kusema, na yule wa pili humwacha bubu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama maneno yametafsiriwa sawasawa, mhakiki hana budi kuuliza: ni nani aliyepewa maneno, na ni nani aliyenyimwa? Tutalichunguza swali hili kwa kulinganisha mifano miwili inayokutana hapa Njoro. Wa kwanza ni Kiswahili walichofundishwa walowezi wa Kizungu katika enzi ya ukoloni. Wa pili ni Kiarabu wanachokariri hivi leo vijana wetu, hasa wasichana, wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba.

2. Jibu lisilokuwamo kitabuni

Yafaa tuanze na mfano usio na uzito mkubwa, ili tatizo lenyewe lionekane wazi. Nilipokwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili, nilipanga chumba katika mtaa ambao majirani wengi walikuwa wenyeji wa Meksiko. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekariri Kihispania cha kijitabu kimoja ambacho, kama nilivyotambua baadaye, kiliandikiwa watalii wanaokwenda Hispania. Siku ya pili nilimwuliza mama mmoja mahali pa kusubiri basi. Niliuliza vizuri, naye, kwa kuwa niliuliza vizuri, alidhani naijua lugha, akanijibu kwa kasi yake ya kawaida. Katika jibu lake nililitambua neno moja tu, camión, ambalo kijitabu changu kilisema ni lori. Nikabaki nikijiuliza kwa nini ananielekeza kwenye malori. Kumbe kwa watu wa Meksiko neno hilo ni basi vilevile.

Mifano ya namna hii ni mingi katika Kihispania. Neno guagua ni basi huko Kuba na katika Visiwa vya Canary, lakini Chile na Peru ni mtoto mchanga. Kitenzi coger, ambacho Mhispania hukitumia mchana kutwa kwa maana ya kushika au kupanda gari, ni tusi katika sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini. Hata ahorita, ambalo kwa umbo lake lingepasa kumaanisha ‘sasa hivi hivi’, kwa Mmeksiko laweza kuwa baada ya saa nzima. Sisi Wakenya hatuna haki ya kumcheka. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni atafanya nini atakapomwona mwenyeji wake wa Njoro akiinuka, akielekea mlangoni na kumwambia, “Nakuja”?

Tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, kijitabu kinachomfundisha msafiri kuuliza bila kumfundisha kusikia jibu kimempa nusu ya mazungumzo. Na nusu hiyo yaweza kumdhuru, maana humfanya aonekane anaelewa asichokielewa. Pili, lugha haiko kila mahali kwa namna moja, na kijitabu kisichotaja ni cha mahali gani kinaficha jambo ambalo msafiri alihitaji kulijua kabla ya mengine yote. Kwangu mimi hasara ilikuwa kuchelewa darasani. Kuna wasafiri ambao hasara yao ni kubwa zaidi, na hao ndio wanaotuhusu.

3. Kiswahili cha kuamrisha

Njoro ni mahali panapostahili kukumbukwa na kila mwanaisimu anayechunguza Kiswahili cha bara. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Katika miaka ya 1903 na 1904 Lord Delamere alipata hapa Njoro ardhi ya ekari laki moja, na baada yake wakaja walowezi wengine wa ngano, mifugo na pareto. Mwaka 1939 Lord Egerton wa Tatton alianzisha shule ya ukulima kwa ajili ya vijana wa Kizungu, na shule hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa Chuo Kikuu mwaka 1987. Katika mashamba hayo walikutana vibarua wa Kikuyu, Kipsigis, Kiluo, Kiluhya na wengineo, na juu yao wote akasimama bwana shamba aliyehitaji lugha ya kuwatumia.

Mtalaa wa lugha hiyo uliandikwa. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu chake cha mazoezi, Up-Country Swahili, ambacho kilichapishwa tena na tena. Kitabu hicho hakikuficha nia yake. Kilijitangaza tangu kwenye jalada kuwa ni cha askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao, na cha wote wanaoshughulika na wenyeji wa bara bila mkalimani. Nacho kilifundisha Kiswahili kilichorahisishwa, si kile cha Unguja ambacho Edward Steere alikieleza katika kitabu chake cha 1870, na ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikikisanifisha wakati uleule.

Orodha hiyo ya wasomaji ni ushahidi tosha. Wote waliotajwa wako upande mmoja wa meza. Mwafrika yumo katika orodha hiyo, lakini yumo kama mtu wa kushughulikiwa. Aidha, maneno ‘bila mkalimani’ yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mkalimani ni mtu anayezijua nusu zote mbili za mazungumzo. Kumwondoa mkalimani ni jambo jema iwapo bwana atajifunza kusema na kusikia. Akijifunza kusema tu, kilichoondolewa hasa ni sauti ya mtumishi, kwani yule aliyeweza kuifikisha hayupo tena.

Ndivyo kilivyozaliwa kile kinachoitwa Kisetla, ambacho Anthony Vitale alikichambua katika makala yake ya mwaka 1980. Sifa zake tunazijua sote, maana bado wachekeshaji wetu huziigiza. Upatanisho wa ngeli umetoweka: kitabu yangu, mtoto ile. Viambishi vya nafsi vimeanguka na mahali pake pamesimama mimi, wewe, yeye. Kitenzi kimebaki katika umbo la amri au la kitenzijina. Kukanusha kote kumekusanywa katika neno hapana, na kuwako kote katika neno iko. Mtu mzima, mwenye wake na wajukuu, akaitwa boi. Naye akatakiwa kuita bwana na memsaab.

Haifai kusema kwamba Wazungu wote walishindwa kujifunza. Delamere mwenyewe alikijua Kimaasai. Wako wamisheni na maafisa waliokijua Kiswahili kuliko wengi wetu. Kwa hiyo Kisetla hakikutokana na uzito wa ulimi, bali kilitokana na mahitaji ya uhusiano. Anayeagiza kuni, maji na chai hahitaji ngeli. Na asiyetarajia kuulizwa hahitaji kujua njia za kujibu.

4. Karatasi ya binti wa jirani

Sasa tuje kwenye mfano wa pili. Siku moja binti mmoja wa jirani yangu, aliyekuwa akijiandaa kwenda Saudi Arabia, aliniletea karatasi nne zilizotolewa nakala, akaniambia, “Mwalimu, wewe ni mtu wa lugha. Hebu nisikilize kama nasema vizuri.” Alikuwa amepewa karatasi hizo mahali alipofanyia mafunzo ya kabla ya safari. Tulikaa chini ya mti tukazipitia mstari kwa mstari. Ninazihakiki hapa kama ambavyo ningehakiki matini yoyote.

La kwanza ni yaliyomo. Sehemu kubwa ya karatasi hizo ilikuwa amri: jib (lete), shil (ondoa), ruh (nenda), taal (njoo), yalla (haya, twende). Zilifuata nomino za jikoni na za chumba cha watoto. Mwishoni yalikuwako majibu ya mfanyakazi, nayo yalikuwa machache: ndiyo, tayari, vizuri, samahani. Kwa maneno mengine, msomaji wa karatasi hizo alifundishwa kusikia amri na kuitika. Hayakuwamo maneno ya kusema kwamba ni mgonjwa, hayakuwamo maneno ya kuuliza mshahara utalipwa lini, wala ya kuuliza pasipoti yake iko wapi. Hata sentensi ya kuomba jambo lirudiwe polepole haikuwamo.

La pili ni jinsia. Kiarabu hutofautisha mwanamume na mwanamke hata katika amri. Mwanamke haambiwi jib bali jibi, haambiwi ruh bali ruhi. Naye mwanamke aliyechoka hasemi ana taaban bali ana taabana. Karatasi aliyopewa msichana anayekwenda kufanya kazi chini ya mama wa nyumba ilikuwa na maumbo ya kiume peke yake. Yamkini ilinakiliwa kutoka orodha ya wanaume wa kazi za ujenzi, au ilitungwa na mtu aliyeona kwamba tofauti hiyo haina maana.

La tatu ni mahali. ‘Nataka’ iliandikwa uridu, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni. Lakini nyumbani Riyadh au Jeddah atasikia abgha, na kama angekwenda Kuwait angesikia abi. Vilevile herufi q, ambayo Kiarabu cha vitabuni huitamka nyuma kabisa kooni, katika Ghuba aghalabu hutamkwa g: kahawa ni gahwa, dakika ni dagiga. Karatasi haikulitaja hili, ingawa linagusa maneno ambayo Mswahili angeyatambua mara moja kama angedokezwa tu.

La nne ni hati. Maneno yaliandikwa kwa mazoea ya tahajia ya Kiingereza, jeeb, shoof na kadhalika, na tafsiri zake zilikuwa za Kiingereza. Huu ni upotevu wa ajabu. Msomaji wa Kiswahili anazo tayari dh, th na gh, sauti ambazo Mwingereza hujifunza baadhi yake kwa taabu. Anazo irabu tano zisizoyumba, na anajua kuandika irabu ndefu kwa kuirudia: jiib, shuuf. Tena anayo hazina ya msamiati. Sabuni, sahani, chai, saa, sita, saba, tisa, fulusi, maradhi, samahani, haki: yote haya ni madaraja yaliyokwisha kujengwa. Karatasi iliyatupa madaraja hayo, ikamtaka msichana wa Njoro apitie London ili afike Riyadh.

Ni kweli kwamba madaraja mengine yana mashimo, na mwalimu angepaswa kuyaonyesha. Kwetu mtu aliye taabani yu karibu na kufa. Mwarabu aliye taaban huenda amechoka tu. Mshahara ni neno lenye asili ya Kiarabu, lakini anayedai malipo yake huko aulize ratib au maash. Na asiyetofautisha k na q za vitabuni anaweza kukusudia moyo akasema mbwa.

5. Pijini mbili, sarufi moja

Tukiiacha karatasi na kutazama lugha ambayo msichana huyo ataikuta kazini, tunakutana na jambo linalopasa kuwashtua wanaisimu wa Kiswahili. Wafanyakazi wa kigeni katika Ghuba, Wahindi, Wafilipino, Wabangladeshi na Waafrika, huzungumza na waajiri wao kwa Kiarabu kilichorahisishwa, ambacho J. R. Smart alikieleza mwaka 1990. Makala yake yalitoka katika jarida lilelile, Anthropological Linguistics, lililochapisha uchambuzi wa Kisetla miaka kumi kabla yake. Hebu tuyaweke maumbo ya lugha hizi mbili sambamba:

Kisetla: Chai iko? – Chai hapana iko.
Kiarabu cha Ghuba: Fi chai? – Mafi chai.

Kisetla: Mimi hapana jua.
Kiarabu cha Ghuba: Ana mafi malum.

Fi asili yake ni ‘ndani yake mna’, na mafi ni ‘hamna’. Neno moja la kuwako na neno moja la kutokuwako yamebeba mzigo wa sarufi nzima, sawasawa na iko na hapana. Nafsi zimetengwa na kitenzi: ana, inta, huwa, kama mimi, wewe, yeye. Kitenzi kimegandishwa katika umbo moja, mara la amri, mara la nafsi ya tatu. Lugha hizi mbili hazina undugu wa nasaba. Wanaozizungumza hawakupata kukutana. Ufanano wao unatokana na ufanano wa mahali zilipozaliwa: jikoni, shambani, uani, baina ya mtu anayeagiza na mtu anayetumwa.

Tofauti iliyopo ni ya mwelekeo. Kule Njoro ya 1936 aliyejifunza pijini kitabuni alikuwa bwana. Leo anayejifunza ni mtumishi. Mtu angetarajia kwamba kitabu kikihamia mkononi mwa mtumishi, maneno yangehama pia. Hayakuhama. Karatasi ya binti wa jirani imeandikwa kwa ajili yake, lakini anayezungumza ndani yake bado ni bwana. Mlowezi alipewa kinywa bila masikio. Msichana huyu amepewa masikio bila kinywa. Nusu iliyokosekana ni ileile moja katika vitabu vyote viwili, nayo ni sauti ya anayefanya kazi.

Hata maneno ya kuitana yanathibitisha hili. Katika nyumba nyingi za Ghuba mtumishi huwaita waajiri wake mama na baba. Msichana wa Kiswahili anapoyasikia maneno hayo hufarijika, kwa kuwa kwao mama na baba ni watu wenye wajibu kwake. Mwalimu mwaminifu angemwambia mapema kwamba huko neno hilo ni cheo, na kwamba halimfungi anayeitwa kwa ahadi yoyote ya undugu.

6. Mintarafu ya misimu

Washauri wa wasafiri hupenda kusema: usijifunze lugha tu, jifunze na misimu ya vijana, ili wenyeji wakupende. Ushauri huu wahitaji tahadhari. Msimu ni mali ya kikundi. Humtambulisha aliye ndani na kumtenga aliye nje. Tena huchakaa upesi. Mgeni akimwamkia mzee wa Njoro kwa “Niaje”, hajaukaribia ujana wala uzee. Pia kuna misimu inayoishi kwa wageni wenyewe. Tangu wimbo wa Them Mushrooms wa mwaka 1982 uenee mahotelini, “jambo” tupu imekuwa salamu ya mtalii, na mwenyeji huijibu kwa “jambo” ileile ili asimwaibishe mgeni wake. Kwa hiyo kanuni iwe: misimu ifundishwe kwa sikio kabla ya ulimi. Msichana anayekwenda Ghuba ana haja kubwa ya kutambua neno la dharau linapotamkwa mbele yake. Hana haja ya kulitumia.

7. Pingamizi

Yawezekana msomaji akasema kwamba tunadai makuu. Msafiri huyu ana majuma machache tu. Mpe maneno mia ya kazi, mengine atayaokota huko. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Waliorudi husimulia kwamba lugha waliijua jikoni na kwa watoto, na kwamba mwenzao wa nyumba ya pili aliwafundisha kuliko darasa lolote. Lakini hoja yetu haikuhusu wingi wa maneno. Maneno mia yanatosha. Swali ni yapi. Anayeweza kukariri shil na naddif aweza pia kukariri ana marida, mimi ni mgonjwa. Wen jawazi, pasipoti yangu iko wapi. Mata ratib, mshahara ni lini. Ma fhimt, sikuelewa. Sentensi hizi nne hazizidi pumzi moja. Kutokuwamo kwake katika karatasi hakuwezi kuelezwa kwa ufinyu wa nafasi.

Wengine watasema kwamba maneno hayamlindi mtu aliyefungiwa nyumbani na kunyang’anywa pasipoti. Ni kweli. Hiyo ni kazi ya sheria, balozi na mikataba. Hata hivyo, sheria huanza kufanya kazi pale mtu anapoweza kusema kilichompata, na kusema huko hutaka lugha.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kijitabu cha maongezi chastahili kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote, na kwamba kipimo chake cha kwanza ni mgawanyo wa sauti baina ya wahusika wake. Kwa kipimo hicho, kitabu cha mlowezi na karatasi ya mtumishi ni maandishi ya ukoo mmoja.

Lawama isiwaendee waliotoa karatasi hizo peke yao. Sisi wa Idara za Kiswahili tumewaachia. Tunazo fonolojia, tunao utafiti wa pijini, tunazo kamusi za maneno yenye asili ya Kiarabu, na katika vyuo kadha tunao wenzetu wanaofundisha Kiarabu. Hatujakaa pamoja nao kutunga kijitabu kimoja chembamba cha Kiswahili na Kiarabu cha Ghuba, chenye maumbo ya kike, chenye kutaja mahali, kilichoandikwa kwa tahajia yetu, na kilichopitiwa na wanawake waliofanya kazi huko wakarudi. Hao ndio wataalamu wa somo hili, na wengine wao wanaishi umbali wa nusu saa kwa miguu kutoka ofisini mwetu.

Binti wa jirani yangu aliondoka akiwa na ukurasa mmoja wa ziada, tulioandika wawili kwa kalamu ya wino. Neno aliloliuliza mara nyingi zaidi lilikuwa haggi, ambalo katika Kiarabu cha Ghuba ni ‘changu’. Nilimweleza kwamba ni haki yetu ileile, kwa asili ‘haki yangu’. Alilirudia mpaka likakaa. Ukurasa mmoja wa kalamu si mchango wa kujivunia kwa mtu mwenye shahada mbili za lugha, wala haufai kuwa mchango wa Idara.